Kabla Hujaanza Kazi Nairobi, Kapimwe Utumbo

Mwanangu Amani,

Majibu ya baba yako mdogo yamefika jana. Ni kansa ya utumbo mpana, kama tulivyoogopa, na wameandika kwamba jeni iitwayo KRAS imebadilika. Ya marehemu baba yako siyarudii, ulikuwepo ukayaona. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: kolonoskopi, kile kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo kwa kamera, umeipangia siku gani?

Usinijibu tena habari za bawasiri. Uliniambia damu kwenye choo ni ya bawasiri, muuza dawa amekupa mafuta ya kupaka, basi yamekwisha. Mafuta hayo hayafiki kule juu ndani ya utumbo. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na polipu, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo, kwa wakati mmoja, na damu ya kimoja ikaificha ya kingine. Baba yako naye kila mtu alisema ni amiba, na humu nyumbani dawa ya amiba ilinunuliwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Biolojia nimeifundisha hapa Bukavu mpaka nikazeeka nayo, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Ukuta wa utumbo mpana kwa ndani umejaa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Chini kabisa ya kila kishimo zinakaa seli-shina, na seli jirani huzipelekea ishara iitwayo Wnt, ambayo huziamuru ziendelee kugawanyika. Watoto wa seli hizo hupanda polepole kuelekea juu. Huko ishara hupungua, wanaacha kugawanyika, wanafanya kazi yao siku chache, kisha wanakufa na kutoka na choo. Sasa sikiliza hapa. Ndani ya seli kuna kundi la protini, mojawapo ikiitwa APC, ambalo hukamata protini nyingine, beta-katenini, na kuitia alama ili iharibiwe. Wnt ikifika, kundi hilo husimama kwanza, beta-katenini inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kugawanyika. APC ikiharibika, beta-katenini haikamatwi tena, Wnt iwepo isiwepo. Seli iko juu, imekwisha kustahili kupumzika, hakuna aliyeiamuru, na bado inazaa. Polipu inaanzia hapo. Takriban asilimia 80 ya kansa za utumbo mpana zina APC iliyoharibika.

Lakini polipu bado si kansa. Lishike hilo, ndilo linaloninyima usingizi na ndilo linalonipa tumaini. Lazima mengine yaharibike pia. KRAS kazi yake ni kupokea habari kutoka kwa EGFR, kipokezi kilichoko kwenye ngozi ya seli, kuipitisha ndani, halafu kujizima. Ikibadilika inakuwa kama swichi iliyokwama: kipokezi kimenyamaza, yenyewe bado inaamuru seli ikue. Ndiyo maana daktari wa baba yako mdogo amesema ile dawa ya cetuximab haitamfaa. Inaziba kipokezi, na amri inatoka chini ya kipokezi. Shangazi zako wanataka kuuza shamba ili wainunue. Waambie wewe, mimi hawanisikii.

Baadaye seli hupoteza na njia ya ishara iitwayo TGF-beta, inayosema simama, na hupoteza protini ya p53, inayoisimamisha au kuiua seli yenye DNA mbovu. Hatua hizi kufuatana ndivyo watafiti wa kansa Eric Fearon na Bert Vogelstein walivyozipanga mwaka 1990, na kwa kawaida safari yote inachukua miaka 10 au zaidi. Miaka yote hiyo polipu imekaa pale, na daktari mwenye kamera angeweza kuikata siku hiyohiyo ukarudi kwako jioni.

Baba yako alionekana na kansa hii akiwa na miaka 44. Kwa mtoto wa mgonjwa, madaktari wanaanza kupima akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Piga hesabu mwenyewe. Na wewe una damu tayari, kwa hiyo hata hesabu hiyo haikuhusu, ni sasa. Kuna pia hali ya kurithi iitwayo Lynch, ambapo jeni za kurekebisha makosa ya DNA ndizo zilizoharibika. Makosa yanajazana haraka na polipu haingoji miaka 10. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na kupimwa kunaanza kwenye miaka 20 na kitu. Nimemwomba daktari aitafute katika kile kipande walichomkata baba yako mdogo. Waione wasiione, wewe utapimwa. Umesikia, baba?

Kazi hiyo ya Nairobi uliipata kwa akili yako na sijachoka kuisema kanisani. Ila kichwa chako kigumu, na unapenda kuugua kimyakimya. Kabla hujatia sahihi, uliza kama bima yao inalipa kolonoskopi. Daktari umtajie wote wawili, baba na baba mdogo, pamoja na umri wao, na usione haya kueleza choo chako. Usiku wa kuamkia kipimo utakunywa dawa ya kusafisha tumbo na hutalala vizuri, vumilia. Pombe punguza. Sosiji za kila asubuhi acha, maharage na sombe vipo hata huko.

Mpangaji wa nyumba ya nyuma hajalipa tena, ongea naye kiume. Minervali ya shule ya mdogo wako bado nusu. Mabati ya jikoni yanavuja juu ya mbabula, fundi anataka mawili mapya na misumari. Samaki sambaza kavu nimekufungia, zitakuja Goma na boti ya Alhamisi mkononi mwa binti wa jirani. Uende bandarini wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukizipokea nipigie, na unitajie tarehe ya hospitali kabla hujakata simu.

Mama yako