Mwaka wa kwanza chuoni unahesabika, wadogo zetu waambiwe mapema

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni tangu juzi nilipomsindikiza mdogo wangu stendi hapa Kahama, anaenda kuripoti chuo Dodoma, ndo mwaka wa kwanza. Tulikuwa ukoo mzima pale. Mama kamfungia dagaa kwenye ndoo mpya pamoja na unga, baba mdogo anamwambia aachane na makundi, shangazi anamwambia asisahau kusali, na yote ni maneno mazuri wala siyapingi. Ila basi lilivyoondoka nikagundua hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyemweleza jinsi alama za chuo zinavyopatikana, na hapo ndipo mimi nilipoumia.

Mtoto wetu ametoka form six. Kule miaka miwili yote macho yako kwenye mtihani wa taifa, matesti ya shule hata ukiboronga unasema nitakesha mwishoni, na kweli wengi wanakesha wanatoboa. Sasa anaingia chuo na akili ileile. Chuo ni tofauti kabisa jamani, vyuo vingi vyetu alama 40 kati ya 100 ni kosiweki, yaani tesiti, asaimenti na prezentesheni za grupu, halafu 60 ndo UE, yaani mtihani wa mwisho wa semesta. Maana yake siku unaingia kwenye chumba cha mtihani alama 40 za matokeo yako zimeshaamuliwa, na kuna vyuo kosiweki ikiwa chini ya kiwango hata UE hukai.

Mimi niliyajua haya kwa kuchelewa. Semesta ya kwanza vipindi vya asubuhi nilikuwa siendi maana tulikuwa tumejaa mia nne na kitu ukumbini na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi, ile hali ya kutoulizwa nikaiona ndo uhuru wenyewe. Nilikuwa nategemea madesa, yaani notsi za kukopi, napita steshenari natoa kopi, nayapanga vizuri kwenye faili, nasema nitayasoma. Tesiti ya kwanza ikaja wiki ya sita sijafungua hata moja. Kwenye somo la takwimu nikaenda UE na kosiweki ya 13 kwa 40. Nikakesha kweli, nikapata 31 kwa 60, zaidi ya nusu. Jumla 44, C. Rumeti wangu UE alipata 31 ileile ila yeye kosiweki alikuwa na 29, akafika 60 na kwa chuo chetu hiyo ni B+. Nakumbuka tulikaa kitandani na simu zetu mbili tunalinganisha, mtihani tumefanya sawa kabisa na matokeo hayafanani.

Na hiyo C haifutiki. Watu wanadhani mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, hapana, GPA yake, yaani wastani wa alama unaoishia 5, inaingia kwenye ile ya mwisho. Mwaka wa kwanza nilipata 2.8, wa pili nikakaza 3.6, wa tatu 3.8, nikamaliza na 3.4. Apa sekondi, yaani daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. Kuna tangazo la kazi nililitamani sana walitaka apa sekondi kwenda juu, nikasoma mpaka mwisho nikafunga simu. Sikuomba.

Kitu kingine ni kuogopa walimu. Shule tumezoea mwalimu ukiitwa ofisini una kesi, kwa hiyo hata chuo tunawakwepa wahadhiri mpaka tunamaliza, na wengi wao wameandika mlangoni kabisa saa za kuonana na wanafunzi. Nilienda kwa mara ya kwanza mwaka wa pili, natetemeka, nikaelekezwa dakika kumi kitu nilichokuwa nahangaika nacho wiki mbili.

Bumu nalo, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, niliseme kwa kifupi. Tangu 2022 ni elfu kumi kwa siku kutoka 8,500, inaingia ya siku 60 kwa mkupuo, yaani laki sita, na kwa mtoto ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe hiyo ni pesa ya kumchanganya, wiki ya kwanza sabufa na simu, mwezi wa pili wali maharage mara moja kwa siku. Mwenye njaa hasomi. Na ni mkopo ule, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Ombi langu kwa vyuo, ile wiki ya kupokea wageni msiimalize kwenye foleni za usajili, picha za kitambulisho na bima peke yake, chukueni saa moja mkae na hawa watoto muwapigie hesabu ya kosiweki na GPA ubaoni kwa mfano wa namba. Na sisi kaka na dada tuliopita huko tusiwaachie wazazi kazi hii, mama yangu hajasoma chuo, angeyajulia wapi?

Mdogo wangu nimempigia jana usiku nikamweleza yote haya, tukaongea mpaka salio likakata, asubuhi nikamkuta ameshanitumia picha ya kozi autilaini, ule mpango wa somo wa semesta nzima, amezungushia wiki ya tesiti kwa kalamu nyekundu. Mhariri, ikikupendeza itoe barua hii mapema kabla ya hizo wiki sita hazijaisha, kuna wengine wengi wameripoti wiki hii na hawana wa kuwapigia.

Dada wa mwanafunzi,
Kahama