Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Kituo cha polisi tulichokijenga kifunguliwe usiku

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya,
Dar es Salaam.

YAH: KIKAO CHA WADAU WA ULINZI NA USALAMA, NA YALIYOTUPATA BAADA YAKE

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Kwa umri ningeweza kukuzaa, lakini kwa nafasi uliyopewa wewe ndiye mzazi wetu katika wilaya hii, na mzazi ndiye anayeombwa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa. Mchana nauza nafaka sokoni. Kila mwisho wa mwezi nashika daftari, napita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya vijana wanaotulinda usiku. Tumeshakuandikia kwa njia inayotakiwa, kupitia kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, barua zikiwa na mhuri na saini zote. Hatukujibiwa. Ndiyo sababu leo naandika hadharani.

Wiki iliyopita tulisikia redioni kwamba umeongoza kikao cha wadau wa ulinzi na usalama. Walikuwepo wakuu wa polisi, wamiliki wa kampuni za ulinzi, watu wa mabenki na wa hoteli. Mlijadili uhalifu wilayani na namna ya kushirikiana. Nilifurahi kusikia, na sisemi haya kwa kujipendekeza. Lakini kabla wiki haijaisha, usiku wa kuamkia Jumapili, kijana wetu mmoja wa ulinzi shirikishi akakatwa panga.

Walikuwa wachache kwenye doria, wakakutana na kundi linatoka kuvunja kibanda cha wakala wa pesa za simu. Vijana wetu wana marungu na filimbi, na tochi ni zile za simu zao wenyewe. Wale walikuwa na mapanga na nondo. Kijana alikinga panga kwa mkono wa kulia, likapita kwenye kiganja. Filimbi zikapulizwa, watu wakatoka, wale wakakimbilia korongoni. Kituo cha polisi kipo pale pale, ukisimama kwenye kibanda unauona mlango wake. Mlango ulikuwa na kufuli. Kituo kilifungwa saa 12 jioni, kama kinavyofungwa kila siku.

Tukapiga namba tuliyopewa. Ikapokelewa, tukaambiwa gari liko doria upande wa pili wa wilaya. Sina sababu ya kusema askari yule alitudanganya. Tukamfunga kijana mkono kwa kanga, tukampakia kwenye bajaji. Hatukwenda hospitali moja kwa moja. Tulipitia kwanza kituo kikubwa kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kupata matibabu, kwa sababu siku za nyuma tulishawahi kurudishwa na majeruhi kwa kukosa karatasi ile, ingawa tumesikia viongozi wakitamka kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate baadaye. Kaunta kulikuwa na foleni ya watu wenye shida zao. Damu inachuruzika sakafuni, askari wa zamu anaandika. Ameshonwa alfajiri. Vidole viwili havikunjiki mpaka sasa. Kijana huyu mchana anaendesha bodaboda, na mkono wa kulia ndio wa mafuta na wa breki. Ana mke na mtoto anayenyonya.

Gharama za matibabu tumelipa sisi kwa kuchangishana, kwa sababu yeye si mwajiriwa wa mtu, hana bima, na hakuna fungu lolote linalomtambua. Mama yake amekuja kwangu akaniuliza, dada, nani alimtuma mwanangu? Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwandika jina kwenye orodha ya lindo, lakini anayehimiza tuandike majina hayo ni Serikali.

Mheshimiwa, nikukumbushe kituo kile kilivyojengwa. Septemba 2022, Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu wenye mapanga, walipovamia nyumba kule Kawe na binti mmoja akauawa nyumbani kwao, jiji hili halikulala. Sisi tuliokuwepo tulikumbuka mapema 2015, Ijumaa ile maduka yalipofungwa na watu wakakimbizana kutoka Magomeni hadi Tabata kwa habari kwamba Panya Road wanakuja. Tulikumbuka na Mbwa Mwitu, kundi la wahalifu lililowatangulia. Viongozi wakapita mitaani wakihimiza ulinzi shirikishi upya, na sisi tukaitikia. Tukakubaliana kujenga kituo cha polisi. Kila kaya ilitoa mfuko wa saruji au thamani yake. Mafundi wa mtaani walijenga bila kudai ujira, msikiti na kanisa wakachangia mabati, mwenye lori akaleta mchanga. Mimi nilitoa magunia ya mahindi yakauzwa, tukanunua mlango wa chuma. Mlango huo huo ndio uliokuwa na kufuli usiku ule.

Siku ya uzinduzi ulikuja, Mheshimiwa. Ulitupongeza, ukasema kituo kitahudumia wananchi usiku na mchana. Ukaahidi makoti ya mvua, viakisi mwanga, tochi na filimbi kwa vijana. Ukaahidi taa kwenye njia ya korongoni. Filimbi zilikuja. Haya mengine bado tunayasubiri, na akina mama wanaoamka saa kumi kwenda sokoni wanapita njia ile ile gizani, wanakabwa roba pale pale.

Kwa nini kituo kinafungwa jioni hatujaelezwa kwa maandishi. Mimi nadhani jambo hili lina mizizi kwenye tukio la kituo cha polisi cha Stakishari. Julai 2015 majambazi walivamia kituo kile usiku, wakaua askari polisi na raia, wakaondoka na silaha. Mwaka uliofuata, Agosti, askari wanne wakauawa Mbande, Mbagala, kwenye lindo la benki. Baada ya hapo vituo vidogo vimeonekana kama ni mtego kwa askari. Naelewa. Askari naye ana mama, na sitaki mtoto wa mtu auawe akilinda mlango wangu. Lakini kama kituo chenye bunduki kinaogopewa usiku, kijana mwenye rungu anayepita korongoni tunamwambia nini?

Na wahalifu wanajua. Wanajua saa ya kufuli kuliko wananchi wanavyoijua. Uvunjaji wote mkubwa wa mwaka huu umefanyika kati ya saa saba na saa kumi usiku. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini naishi hapa na natazama. Simu na majiko ya gesi yanayoibwa kwetu yanapata wanunuzi siku hiyo hiyo. Mifuniko ya mitaro na nondo za watu wanaojenga zinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na sijawahi kuona mizani ile inakaguliwa. Vijana wanakamatwa, wanakaa mahabusu, kesi inakosa shahidi, wanarudi. Shahidi anaogopa, kwa sababu ukipeleka jina kituoni, kabla ya jua kuchwa mwenye jina ameshajua nani amempeleka. Nani anatoa habari hizo, sijui. Ila watu wa mtaa wameacha kuzungumza, na mkaguzi wa polisi wa kata, ambaye ni mtu mzuri na anatusikiliza, peke yake hawezi kuwarudishia imani.

Mimi nimezaliwa Shinyanga. Baba yangu alikuwa sungusungu miaka ya 80, wakati Wasukuma na Wanyamwezi walipochoka na wezi wa ng'ombe wakajipanga wenyewe kwa mishale na mbiu. Serikali mwanzoni iliwatazama kwa shaka, baadaye mwaka 1989 ikawatambua kisheria. Nakumbuka pia yale mabaya, wazee waliopigwa kwa tuhuma tu, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi. Kwa hiyo Polisi Jamii ilipokuja na mageuzi ya Jeshi la Polisi kuanzia 2006, wakati wa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, nilikuwa wa kwanza mtaani kuunga mkono. Niliona kwamba safari hii mwananchi atashika mkono wa askari, na askari atashika mkono wa mwananchi. Sasa saa 12 jioni mkono mmoja unaondoka.

Nikuambie linalonitisha zaidi ya panga. Jumapili asubuhi vijana walikusanyika sokoni, na nilisikia maneno ya tairi na petroli. Magazeti huandika kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, habari inaishia hapo. Mimi nimewahi kuona. Alikuwa kijana wa mtaa wa jirani, aliitiwa mwizi, mpaka leo hakuna anayeweza kusema aliiba nini. Mama yake alifika akakuta moshi. Tulipata kuwatuliza vijana Jumapili, mimi na shehe na mchungaji na mwenyekiti wa mtaa, tukisimama mbele yao kwenye jua. Hatutaweza kila mara. Mtuhumiwa akikamatwa saa nane usiku na kituo kimefungwa, tunampeleka wapi? Tunamfunga kamba kwenye mwembe tukisubiri asubuhi? Katiba yetu, ibara ya 14, inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Kila mtu, Mheshimiwa. Kijana wangu wa doria, na huyo aliyekamatwa pia.

Kuhusu kikao chenu, nina ombi la pembeni. Walioalikwa kwa upande wa ulinzi ni wenye kampuni. Jirani yangu analinda ghala. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, mara nyingi wiki nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kazi ya usiku iongezwe walau asilimia 5 ya mshahara. Hajawahi kuiona asilimia hiyo. Mtu huyu anajua gari gani hupita saa ngapi, nani hubeba nini, ukuta upi ni mfupi. Sekta yao imekaa miaka mingi ikidai sheria yake yenyewe, na huenda hilo mlilizungumza. Lakini yeye hakualikwa, mwenye daftari la michango hakualikwa, kijana wa filimbi hakualikwa. Waalikeni. Hawahitaji posho, wapeni nauli.

Michango nayo imeanza kukauka. Mwenye geti na mbwa ananiambia ana mlinzi wake. Mpangaji ananiambia nimdai mwenye nyumba, mwenye nyumba ananiambia nimdai mpangaji. Zamani nilikuwa na jibu, nilikuwa nawaonyesha kituo kile na kuwaambia tazameni, tukichanga tunapata. Sasa wananiuliza tulichanga ili tupate nini, jengo la mchana?

Ningeweza kukuorodheshea mengi. Makoti, kwa sababu masika inakuja. Taa za korongoni. Bima ya afya kwa vijana wa ulinzi. Ukaguzi wa vyuma chakavu. Fidia kwa kijana huyu, au angalau aje mtu kutoka ofisini kwako kumpa pole kitandani. Yote nayataka. Lakini ukiniambia nichague moja, nachagua hili: kituo kifunguliwe usiku.

Kama shida ni askari kuwa wachache, tupeni wawili tu, na vijana wetu wa doria watakuwa nje ya kituo hadi asubuhi. Kama shida ni umeme, luku tutanunua wenyewe. Kama ni usalama wa askari na silaha, tuambieni mnataka ukuta wa urefu gani, tutaanza kufyatua matofali wiki hii. Kama ni agizo kutoka juu yako, tuambie ni la nani, ili tumwandikie na yeye kwa heshima hii hii. Kwani kuna ubaya gani kutujibu? Tumejenga bila kulazimishwa, hatukushindwa. Tunachoshindwa ni kufungua kufuli ambayo funguo zake si zetu.

Mwisho wa mwezi natakiwa kupita tena na daftari, lakini safari hii sitapita kabla sijapata neno lako. Nakuomba, Mheshimiwa, kituo kifunguliwe usiku. Utujibu kwa barua, au kwa kumtuma mkaguzi wa kata, au kwa kuja mwenyewe saa nne usiku tukutembeze njia ya korongoni, nitatembea mbele. Na kama huna nafasi ya yote hayo, agiza askari wa zamu asifunge ule mlango leo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe, Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mtaa

Nakala: Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa.