Risala ya wazazi na vijana wa darasa la Kiswahili la Jumamosi kwa mgeni rasmi, baada ya ziara ya Antietam

Mheshimiwa mgeni rasmi, meza kuu, wazee wetu, wazazi wenzetu na nyie watoto mliokaa huko nyuma mnachezea simu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana.

Mheshimiwa, kwanza asante kwa kuja tena kwa wakati, maana sisi tumeshazoea wageni wa "niko njiani" mpaka pilau linapoa. Mwaka huu hatukusomei changamoto kurasa tatu, tunakusimulia ziara yetu ya Antietam, uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pale Sharpsburg, hapahapa Maryland tunapoishi.

Tulivyofika watoto wakauliza mto wenyewe wa Antietam uko wapi, wao walitegemea kitu kama Rufiji, wakaonyeshwa kijito kinapita taratibu chini ya daraja la mawe la matao matatu. Yaani ndo hapa? Ndo hapo. Tarehe 17 Septemba 1862, alfajiri mpaka jioni, watu kama 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na Marekani haijapata siku nyingine ya vita yenye damu nyingi hivyo. Jenerali Lee wa Kusini, upande wa majimbo yaliyoasi, alivuka mto Potomac akaingia Maryland, Jenerali McClellan wa Kaskazini, upande wa serikali, akamfuata, tena akiwa na bahati ya mtende maana askari wake karibu na mji wa Frederick waliokota karatasi ya amri za Lee imeviringishiwa sigara tatu nene, mpango wote wa adui uko mkononi halafu jamaa bado anasitasita!

Asubuhi vita vilianzia kwenye shamba la mahindi la mkulima mmoja, Miller. Septemba mahindi yamepita kichwa cha mtu, askari hawaonani, risasi zikapigwa mpaka mabua yakawa kama yamefyekwa. Akina mama wetu wa Iringa walisimama pale kimya, shamba wanalijua. Pembeni kuna kanisa dogo jeupe la waumini ambao dini yao inakataa vita kabisa, na vita vikawafuata mlangoni.

Mchana ikawa zamu ya njia ya shamba iliyodidimia kwa magurudumu ya mikokoteni miaka na miaka, watu wa Kusini wakalala humo kama handaki, baadaye askari wa Kaskazini wakafika pembeni wakawa wanawapiga kwa urefu wa njia, hadi leo inaitwa Njia ya Damu. Na pale darajani askari kama 500 wa Georgia, watu wa Kusini, walizuia kikosi kizima cha Burnside, jenerali wa Kaskazini, karibu masaa matatu. Mtoto mmoja akauliza, kwa nini wasingevuka tu majini? Mheshimiwa, hilo swali wanahistoria wanabishania mpaka leo.

Bibi mmoja kati yetu ndo alituunganishia na kwetu. Akasema mnakumbuka kitambaa cha merikani? Pamba ilichumwa na watumwa wa Kusini, viwanda vya Massachusetts vikafuma, meli zikapeleka Unguja, misafara ya bara ikalipia njia kwa doti za merikani. Vita vilipokuja pamba ikaadimika na merikani ikawa shida Unguja. Kumbe jina la nguo tulilokuwa tunalitaja bila kufikiri lilitokea kwenye mambo haya haya.

Lee alirudi ng'ambo ya Potomac usiku wa tarehe 18, na tarehe 22 Rais Lincoln akatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1863 watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru. Watoto wakapiga makofi. Tukawaambia subirini kwanza, Maryland haikuasi, kwa hiyo tangazo halikuigusa, watumwa wa mashamba haya haya ya kando ya kijito wakasikia mizinga, wakaona maiti, halafu wakaendelea kutumika mpaka 1 Novemba 1864 katiba mpya ya jimbo ilipowaachia. Makofi yaliisha, maswali ndo yakaanza, na kusema kweli hatukuwa na majibu ya yote.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili tu. Safari hii tulijibana kwenye magari binafsi na watoto kumi na moja walibaki wakilia, tusaidie basi la kukodi mwakani. Pia tuandikie barua kwa wasimamizi wa pale tupewe kibali cha kuweka kipeperushi cha Kiswahili, kuandika tutaandika wenyewe, rasimu tunayo, katibu atakukabidhi sasa hivi kabla hujaenda kwenye sahani.

Ni sisi wazazi na vijana wa darasa la Jumamosi. Asante kwa kutusikiliza.