Kariakoo haikuanza na soko

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 bila kukuandikia hata mara moja. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu maghorofa ya Kariakoo. Mwandishi wenu ameziita nyumba zilizobomolewa "mabanda", kisha akaianza historia ya eneo zima katika miaka ya 1970, lilipojengwa soko lililosanifiwa na Beda Amuli.

Jina lenyewe lingemwonya. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi hapo, na vinywani mwa wenyeji jina likawa Kariakoo. Mji ukagawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Waafrika. Huko ndiko zilikoinuka nyumba za Kiswahili, za miti na udongo, zenye ukumbi katikati, vyumba kila upande, baraza mbele, na uani jiko na choo. Kila chumba kiliweza kuwa na kaya yake. TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, haikuzaliwa katika mji mtupu. Ilizaliwa miongoni mwa wapangaji na wenye nyumba hao.

Bibi yangu alikuwa mwenye nyumba ya vyumba sita katika Mtaa wa Sikukuu, nami nilizaliwa humo. Hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa na daftari la kodi alilolitunza kwenye sanduku la mbao, na ndani yake aliandika jina la kila mpangaji, kabila lake, kazi yake, mwezi alioingia na mwezi alioondoka: kuli wa bandarini, fundi cherehani, mpishi wa Uzunguni, mama muuza vitumbua aliyekaa chumba cha uani mpaka wajukuu zake wakaanza shule. Baada ya mirathi nyumba iliuzwa, na tukakubaliana na mnunuzi kwamba nitakwenda Jumamosi kulichukua sanduku. Tingatinga lilikuja Alhamisi. Nilipofika nilikuta kifusi kinapakiwa kwenye lori, na kijana wa zamu akaniambia kwamba karatasi zote zimechomwa pamoja na mbao za paa. Nilikwenda katika ofisi inayohusika nikitumaini kwamba jalada la kiwanja litakuwa na chochote, nikaonyeshwa namba ya kiwanja na jina la mmiliki mpya. Wapangaji, niliambiwa, hawana jalada. Watu waliokaa humo kwa miongo kadhaa, wakazaa, wakazika, wakalipa kodi kila mwezi, hawana hata mstari mmoja popote, na sasa gazeti lako linawaambia wajukuu wao kwamba wazee wao walikaa mabandani.

Hata majina ya mitaa yanapotea. Nyamwezi, Mafia, Kongo, Narung'ombe: vibao vyake vimefunikwa na mabango ya maduka, na vijana wanaoelekeza wateja hutaja rangi ya ghorofa badala ya mtaa. Nani atajua kwamba Uhuru iliitwa Kichwele, ikiwa hata neno Uhuru limezibwa na tangazo la simu?

Ombi langu ni dogo. Kabla kibali cha kubomoa hakijatolewa, mjumbe wa mtaa apite na mpiga picha, zipigwe picha nne: baraza, ukumbi, uani na mlango wa mbele. Wazee watatu wa jirani waitwe wataje wenye nyumba na wapangaji wanaowakumbuka, na majina hayo yaandikwe kwenye ubao wenye upana wa ubawa mmoja wa mlango, utundikwe kwenye ngazi za ghorofa jipya, chini kabisa, pale kila mnunuzi anapopita. Nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa. Kwa nyumba ya bibi yangu, majina 23 ninayakumbuka, na nitayaleta mwenyewe ofisini kwako mwandishi wenu akikubali kuyachapisha.

Mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam