Kwa nini Subaru ya zamani hulala gerejini kwetu kabla hujainunua

Mtu anayetafuta Impreza au Legacy ya turbo akisikia ada yetu ya ukaguzi hapa Kampala, jibu huwa lile lile: “Shilingi 250,000 za kuangalia tu? Nina fundi wangu, ataizungusha kidogo, asikilize injini, nimpe ya soda.” Wapo pia wanaoona tumewaibia pale tunapowaambia wasinunue, maana hela imetoka na gari hawana. Basi tueleze kazi yenyewe, kisha kila mmoja apime.

Kwanza, gari linaletwa jioni na kulala kwetu. Muuzaji yeyote mjanja huliwasha nusu saa kabla hujafika, na injini ya moto huficha mengi. Asubuhi tunaweka mkono kwenye bloku, tunahakikisha ni ya baridi, ndipo tunawasha. Mlio mwepesi wa pistoni kugonga unaosikika kwa dakika chache kisha kupotea ni wa kawaida kwa injini hizi za EJ zenye silinda zilizolala, na hatumkatazi mtu gari kwa sababu hiyo. Mlio mzito wa kugonga unaokuja injini ikishapata moto, hasa ukiipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kisha ukaachia mafuta, ni beringi za konrodi. Hapo mazungumzo ya bei yameisha. Kukiwa na shaka tunafungua filta ya oili, tunaikata kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake: vipande vyenye rangi ya shaba havina maelezo mengine.

Kisha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuikandamiza, na hapa ndipo muda mwingi unapoishia, kwa kuwa plagi ziko ubavuni na nafasi ya mkono ni finyu. Betri lazima iwe na chaji kamili, plagi zote nne zimetolewa, umeme wa plagi na petroli vimekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Kitabu cha EJ205, injini ya turbo ya lita 2.0, kinataka psi 142 hadi 171. Ila kitabu hicho kinazungumzia usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu, kwa hiyo geji husoma chini zaidi hata kwa injini nzima. Fundi asiyejua hilo ataikataa injini nzuri, au ataikubali mbovu kwa kusema “ni mwinuko tu.” Sisi tunaangalia tofauti kati ya silinda na silinda. Kiwandani wanaruhusu psi 7. Kwa gari la umri huu tunavumilia zaidi kidogo, lakini silinda tatu zikisoma 130 na moja ikasoma 100, pistoni imepasuka kwenye kingo za ringi au vali haifungi.

Ile mbinu ya kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda ili kujua kama ringi zimechoka haifai hapa. Silinda imelala, oili inakaa upande wa chini na juu panabaki pakavu. Tunaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi na kusikiliza unakotokea: kwenye kifuniko cha oili ni ringi, kwenye ekzosi ni vali ya kutolea moshi, kwenye njia ya hewa ni vali ya kuingiza. Ukitoa mapovu kwenye radieta, gasketi ya hedi imekwenda.

Tukiitaja gasketi, tuitaje na njia ya mkato inayopendwa kuliko zote mjini: kung'oa thermostati, vali inayozuia maji yasizunguke radieta hadi injini ipate moto, na kuunganisha feni moja kwa moja na swichi ya gari. Mteja huambiwa “huku kwetu ni joto, haina kazi.” Thermostati ya EJ hufunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Ikitolewa, injini haifiki joto lake ukiwa barabara kuu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuongeza petroli, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Gari linakunywa mafuta, mwenyewe analalamika, anabadilishiwa sensa ambazo hazikuwa na kosa. Mara nyingi zaidi thermostati imetolewa ili geji isipande huku gasketi ikivuja, na gari likauzwa likiwa “halichemki.” Kuigundua ni rahisi: injini ikiwa ya baridi, washa na ushike bomba la chini la radieta. Likianza kupata joto sambamba na la juu tangu mwanzo, thermostati haipo au imekwama wazi. Feni inayozunguka mara tu unapogeuza ufunguo inasema yale yale. Sisi tunarudisha thermostati ndipo tunapima, kwa dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya maji, kisha tunaliacha gari linaunguruma nusu saa likiwa na AC, mfano wa jam ya jioni Jinja Road.

Sasa utambulisho. Herufi za kubandika za STI, Impreza ya turbo yenye nguvu kuliko zote, zinapatikana kirahisi. Namba ya chesi haibandikwi, na herufi zake za mwanzo hutaja gari lenyewe. Kwa Impreza za Japani za 2000 hadi 2007, GDB ni STI, GDA ni WRX, GD9 ni ya lita 2.0 isiyo na turbo, GD2 na GD3 ni za 1.5. GDB ina gia sita. Ukiona gia tano chini ya bawa kubwa la STI, unalipia plastiki. Namba ya injini iko kwenye bapa la bloku, inapokutana na gia boksi. Isome mwenyewe na uilinganishe na logibuku. Injini iliyobadilishwa si dhambi, isiyoandikishwa ndiyo tatizo. Na ile ngurumo ya ekzosi inayojulisha Subaru isikuroge: Legacy ya turbo ya kuanzia 2003 ilitoka Japani haingurumi hivyo, kwa hiyo ikinguruma kuna mtu alibadilisha manifoldi ya ekzosi, na huenda alibadilisha na mengine.

Sheria ya 2018 inazuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Anayekuuzia GC8 (Impreza ya miaka ya 1990) au GDB kama “mpya kutoka Mombasa” hasemi kweli. Limekuwa barabarani hapa miaka mingi, na mita ya kilomita 80,000 ni pambo. Lenye namba za Kenya na bei ya kushangaza huenda halijalipiwa ushuru Uganda. Kabla ya kulipa, fanya msako wa jina kwenye rejista, maana logibuku nyingi zimelala kwa wakopeshaji, na uangalie faini za EPS, zile za papo hapo za polisi wa barabarani.

Injini tunaweza kuitafuta Kisekka, kwenye soko la vipuri. Bodi iliyooza haitafutwi popote. Tunapitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo Impreza za miaka hiyo huanza kula kutu, na juu ya minara ya shokabzoba (vizuia mitikisiko) za nyuma. Sumaku isiyoshika maana yake ni fila, rojo la kuzibia bati lililooza. Tundu za bolti zilizozibwa sakafuni, nyuma ya viti, zilishikilia kizimba cha mashindano. Gari la rali si lazima liwe baya, ila liuzwe kwa jina hilo.

Kuhusu kuendesha, usijaribu kwenye murramu. Geuza usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye lami kavu. Gari likijikaza na kurukaruka, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekufa, na kwenye murramu usingejua kwa sababu tairi zinateleza. Inayoiua mara nyingi ni tairi zisizolingana: Subaru inataka mzingo wa tairi nne utofautiane chini ya milimita 7, na mtu amefunga mbili mpya mbele akaacha vipara nyuma ili kuokoa hela.

Lakini hasara kubwa huja baada ya kununua. Mteja hupata injini ya mtumba kwa bei nzuri, analeta na kusema, “funga tu, nimeambiwa ni nzima.” Hatufungi hivyo, na hapo ndipo tunaitwa ghali. Injini ikiwa chini, tunabadilisha mkanda wa taimingi, tenshena na roli zake zote, pampu ya maji, thermostati, sili ya nyuma ya krenki, na kile kifuniko cha plastiki cha kutenganisha oili tunaweka cha chuma. Skrubu za nyuma ya pampu ya oili hulegea, tunazitoa na kuzikaza upya kwa gundi. Kulachi inaangaliwa hapo hapo. Mkanda wa EJ una maisha ya kilomita 100,000, na wa injini ya mtumba hakuna ajuaye umetembea ngapi. Ukikatika, vali zinagonga pistoni. Kazi ya kuishusha injini utailipa mara mbili, na injini ya tatu utainunua.

Petroli nayo ni gharama ya kila wiki. STI ya Japani ilipangwa kwa mafuta ya oktani 100 hivi, na ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Gari lisilorekebishwa programu kwa mafuta ya hapa, injini yake itatoa mlio wa kugonga pale turbo inaposukuma hewa kwa nguvu, na kingo za pistoni ndizo zinazoanza kupasuka.

Ushauri wetu wa bei: tenga theluthi moja ya bei ya gari pembeni. Usipoweza, chukua Forester isiyo na turbo. Ada ni 250,000 hata tukikuambia uliache, ila tukikuta kompresheni mbovu tunasimama hapo na kukurudishia 100,000. Ripoti ni ya maandishi, yenye picha za geji na filta iliyokatwa. Gari lifike kabla ya saa kumi na mbili jioni, muuzaji aje na ufunguo na logibuku halisi, siyo fotokopi.