Mjomba, kile kichaka cha ukingoni tukiache

Shikamoo mjomba. Najua kwenye simu ulisema mambo ya shamba yameisha, ila naomba niandike hapa kwa wazi maana wajomba wengi mlioko Dar mnatuma hela huku Newala vichaka vifyekwe ipandwe mikorosho, na sisi wapwa tunabaki kuitikia tu, sawa mjomba, sawa mjomba.

Kile kichaka pale shamba linapoishia na mteremko wa kwenda mto Ruvuma unapoanza, naomba kisiguswe.

Udongo wetu unaujua, mchanga mtupu. Mvua ya Desemba inanyesha mpaka unasema leo nyumba inaondoka, ikikatika kidogo tu maji huyaoni, yameshazama yote, ndo maana juu huku kwenye uwanda wa Makonde hatuna hata kijito na zamani kina bibi walikuwa wanashuka bondeni alfajiri kuyafuata yanakotokea halafu wapande nayo kichwani. Mpaka leo ya bomba yanasukumwa kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, na yakikata tunarudi kwenye kisima cha mvua hapo uani. Sasa mchanga huo ukiutolea mizizi pale ukingoni haukai mjomba. Jirani yetu alifyeka mpaka mwisho kabisa, saa hizi ana korongo mtu mzima akiingia humuoni, mikorosho yake mitatu imeshadondokea humo na mwingine umebaki mizizi nje.

Afu kuna ming'oko, vile viazi vya porini. Hii ndo inayoniuma zaidi. Mama alinifundisha mle mle kichakani, unafuata kamba yake mpaka inapozama ardhini, unachimba taratibu kwa pembeni usiikate, unatoa vile vyembamba virefu kama vidole, kile kichwa unakifukia tena ili mwakani uchimbe hapo hapo. Hakuna mtu huku ana shamba la ming'oko, inajiotea tu vichakani. Na kiangazi, hela ya korosho bado haijaingia, sufuria moja ya ming'oko na chumvi na pilipili watoto wanashiba, na kina mama wanaochemsha kupeleka stendi wanapata hela ya sabuni na madaftari. Wewe mwenyewe umekuzwa nayo.

Wazee wetu walikaa juu huku pasipo na maji kwa sababu vichaka viliwaficha, wakati wa vita na wa wakamata watumwa. Hilo nililisikia kwa bibi, na wewe ulilisikia kabla yangu.

Korosho siikatai, ndo iliyotusomesha. Ila 2018 uliona, wanunuzi na wakulima walishindwa kuelewana bei mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Msimu kama ule ukirudi na kila kipande cha ardhi ni mkorosho, tutakula nini?

Na kama unataka mavuno, shida haiko kwenye ukubwa wa shamba. Ile mikorosho ya bibi imesongamana mno, matawi yameingiliana, jua halifiki chini, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukianza salfa yote tunayopuliza inaishia juu juu. Wataalamu wanasema mita 12 kwa 12, yetu mingine haifiki hata 6. Tupunguze, ile iliyozeeka tuikate tuibebeshe vikonyo vya mbegu bora, kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele kipo huku huku Mtwara na mafundi wa kubebesha wapo hapa hapa kijijini. Hela uliyotuma ya kufyeka naona inatosha kuanza, na kazi nitaisimamia mimi.

Ardhi ni ya upande wa mama na wewe ndo mjomba, neno la mwisho ni lako, sibishani na hilo. Ila nipigie kabla ya Jumamosi tafadhali, kijana wa msumeno ameshaanza kuniomba hela ya mafuta na mi nimemwambia asubiri.