Ofisi zetu zinachanganya motisha na ari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno mawili ambayo maofisini tunayatumia kana kwamba ni pacha, yaani motisha na ari. Nimekuwa afisa utumishi wa halmashauri kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na wakuu wa idara hawakuchoka kuniambia kwamba watumishi wao hawana motisha, ilhali mara nyingi walichokikosa watumishi hao kilikuwa kingine kabisa.

Motisha hutolewa na mwajiri ikapokewa na mtumishi: posho, nyongeza ya mshahara, nyumba, ruhusa ya kwenda masomoni. Huhesabika, huandikwa kwenye bajeti, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Ilipotangazwa kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai, ile ilikuwa motisha ya kweli na sioni haya kuisifu. Ari ni habari nyingine. Wazee husema mtu ana ari wanapomwona hakubali kushindwa, na kwamba kazi iliyopita mikononi mwake ikitoka ovyo huona aibu hata kama hakuna aliyemkaripia. Hali hiyo haina kifungu cha bajeti. Kaulimbiu ya kampeni ya urais ya Jakaya Kikwete mwaka 2005, Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya, ililitanguliza neno hilo, ingawa sisi maofisini nadhani tulivutiwa zaidi na kasi.

Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakatoa matokeo mwaka 1959. Walipoulizwa yaliyowaudhi kazini, watu wale walitaja taratibu za kampuni, usimamizi mbaya na mshahara. Walipoulizwa ni lini waliipenda kazi yao, walitaja zaidi kazi iliyofanikiwa mikononi mwao, kutambuliwa na kukabidhiwa dhamana. Wapo wataalamu walioupinga utafiti huo, lakini mimi niliyaona hayo wodini.

Katika kituo kimoja cha afya alikuwapo muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi aliyekuwa akifika nusu saa kabla ya zamu, anasoma ripoti ya usiku mstari kwa mstari, kisha anapita kitanda kwa kitanda kuwajulia hali akina mama kabla hajavua hata kandambili alizokuja nazo. Hakumhubiria mtu. Baada ya muda wauguzi vijana waliopangiwa kwake nao wakaanza kufika mapema, ingawa posho yao haikuongezeka hata shilingi moja. Alipohamishwa, desturi ile iliendelea kwa miezi kadhaa, kisha ikafifia, na sitaki kumficha msomaji kwamba sisi wa utumishi hatukufanya lolote kuinusuru, kwa kuwa kwenye fomu zetu za tathmini haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Tulichofanya ni kumwita mhamasishaji kutoka Dar es Salaam. Ukumbi ulikodiwa, vitafunwa vikaagizwa, watumishi wakasimamishwa na kushikishwa mikono huku wakirudia kwa sauti kwamba wanaweza. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakidai fedha za uhamisho kwa mwaka wa tatu, na majalada yao yalikuwa kabatini kwangu. Mmoja wao aliniinamia akauliza, "Mzee, huu ukumbi mmeulipia au na wenyewe unadai?" Sikuwa na jibu. Jumatatu iliyofuata daftari la mahudhurio lilikuwa vilevile.

Simlaumu mhamasishaji, kwani alifanya alichoitiwa. Kosa lilikuwa letu, kutaka kuwasha ari kwa watu ambao tulikuwa tunawanyima haki zao, na mtu anayedai haki yake huyasikia maneno matamu kama njia ya kumnyamazisha. Kosa jingine, dogo lakini la kila mwaka, ni lile la mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Ofisi nyingi ninazozijua humteua kwa zamu, mwaka huu idara hii, mwakani ile, ili asinung'unike mtu. Kwa hiyo cheti kile, ambacho kingeweza kumwambia kijana kwamba kazi ya namna fulani inaonekana na kuthaminiwa, kinamwambia tu kwamba zamu yake bado haijafika.

Nawaomba waajiri mambo mawili. Mfanyakazi hodari akitajwa uwanjani, isomwe na kazi aliyoifanya, kwa sentensi mbili tu. Na kabla ya kukodi ukumbi wa semina, mkurugenzi amwombe afisa utumishi wake funguo za kabati la madai.

Afisa utumishi mstaafu,
Morogoro